Mkono Tumboni

Siku hizi hakuna anayefundishwa sarakasi. Unavaa fulana iliyowahi kuvaliwa na anayezijua, na mwili wako unakumbuka yote aliyoyafanya. Fulana yangu ilikaa kabatini tangu nilipoacha mashindano, hadi jana binti yangu Sikudhani, mwenye miaka kumi na mbili, alipoivaa.

Alipanda kwenye trampolini ya ukumbi wa mazoezi kwa woga. Akarukaruka kidogo, halafu fulana ikamshika. Alipaa karibu na dari, akabinuka, akajizungusha hewani tena na tena, miguu imebanana, kidevu kimeinama vile nilivyokuwa nikikiinamisha mimi. Sikuwahi kujiona nikiruka. Nilisimama pale machozi yakinitoka.

Akatua bila kuyumba, mkono wa kushoto umeshika tumbo.

"Mikono juu ukitua," kocha wangu wa zamani, aliyekuja kumtazama, alimwambia.

Akarudia. Akatua vilevile.

"Hauinuki, kocha. Mama, kwani uliumia tumbo?"

"Hapana, mwanangu. Mara ya mwisho kuruka nilikuwa na mimba yako. Niligundua asubuhi ileile, na sikumwambia mtu."

Alicheka, akavua fulana, tukarudi nyumbani.

Wakati wa chakula alikula ugali kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado tumboni, umetulia.

"Sikudhani."

"Abee, mama."

"Fulana umeshavua. Toa mkono hapo."

Aliutazama mkono wake, akanong'ona, "Naogopa, mama. Atashtuka."