Mwenye Shavu Jeupe

Mama Mkubwa alifumba macho, akaingiza mkono ndani ya tundu, akaanza kuwapapasa simbilisi mmoja baada ya mwingine.

"Mama, hawa huchaguliwa kwa macho," alisema muuza sungura, akipuliza vidole vyake kwa baridi. "Cha kubonyezwa ni parachichi."

"Niache, mwanangu. Najua ninachokitafuta."

Alitafuta kinyama kinene cha manyoya mafupi, chenye kishungi katikati ya paji la uso. Hakukipata. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani yake, chini ya kitambaa chake cha kichwa, alilala yule wa nyumbani, mkavu kama kipande cha kuni.

Alikuwa amemkuta asubuhi hiyo. Mdogo wake, kama kawaida, ndiye aliyetangulia kuamka. Alisikika akihangaika kidogo kwenye sanduku la simbilisi, kisha akachukua fimbo yake nyeupe kwenda kusali. Njia ile aliijua kwa miguu tangu macho yake yalipozimika.

"Dada, usiwafunue mapema," alisema akiwa mlangoni. "Baridi imeuma leo. Waache mpaka nirudi."

"Haya, daktari," Mama Mkubwa alijibu kutoka kitandani.

Lakini roho haikumtulia. Chupa ya maji ya moto lazima ilikuwa imepoa. Akainuka, akafunua blanketi. Yule mweusi alikuwa amejikunyata pembeni, kimya. Yule wa kahawia mwenye shavu jeupe alikuwa amefunikwa nyasi kavu hadi shingoni, kama mtoto aliyelazwa. Mama Mkubwa alimgusa, akaurudisha mkono haraka. Akakaa palepale kwenye saruji, akalia bila sauti.

Simbilisi hao walikuwa wa binti wa mdogo wake. Mtoto yule alilelewa na mama wawili katika nyumba ya vyumba viwili. Alipougua, aliyemzaa alimwombea na Mama Mkubwa akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Siku za mwisho aliushika mkono wa Mama Mkubwa, si wa mwingine.

"Shavu asione baridi," alisema. "Nitunzie, Mama Mkubwa."

Mama Mkubwa aliahidi. Kila kipupwe kilipobisha hodi, aliliinua sanduku kutoka sakafuni akalipandisha juu ya matofali, mbali na mlango na mbali na moshi wa jiko. Alilizungushia maboksi pande tatu. Nyasi zilizolowa alizitoa, akatandika kavu, nyingi, ili wapate pa kujichimbia. Chupa ya maji ya moto aliivisha soksi ya sufu isije ikawaunguza. Juu alitupia blanketi na kuacha upenyo wa pumzi. Wote wawili aliwaweka pamoja, maana simbilisi akibaki peke yake hunyong'onyea, hata kula akaacha.

Majirani walicheka. "Kwa Mama Mkubwa, mgeni analala mkekani, panya wana blanketi."

Aliwaacha wacheke. Vipupwe vinne vilipita na Shavu bado yupo. Kweli, mara mbili katikati ya baridi aligeuka kama mgeni, akajificha, akakataa kushikwa. Mdogo wake alisema, "Ni hii baridi tu, dada. Atazoea." Naye alizoea. Baada ya siku chache alipiga mluzi tena kila mfuko wa majani ya karoti ulipochakarika. Mama Mkubwa alimshukuru Mungu na, Mungu amsamehe, alijipongeza na yeye kidogo.

Kila jioni mdogo wake alimpakata Shavu, akipitisha vidole kwenye kile kishungi.

"Umetimiza, dada," alisema mara nyingi. "Mwanangu angefurahi."

Sasa Mama Mkubwa angemwambia nini? Binti alikwenda, macho yakafuata. Kilichobaki ni kile kinyama cha kupakata. Ndiyo maana alitoka mbio na kikapu chake, akiomba njia nzima asamehewe uongo aliokuwa akienda kuununua. Rangi isingemsumbua sana. Vidole vya mdogo wake ndivyo vilivyomtisha.

Alitoa mkono tunduni, akafumbua macho.

"Huna mwenye kishungi hapa pajini? Awe wa kahawia, na ikiwezekana shavu moja jeupe. Majirani wana midomo."

Muuza sungura aliacha kupuliza vidole.

"Kahawia, kishungi, shavu jeupe? Umechelewa, mama. Nilikuwa naye mmoja tu, na alikuwa na mwenyewe. Kuna mteja wangu wa zamani, baridi ikianza huniambia nimtafutie wa namna hiyo, nimweke akiba. Basi leo, hata sijafungua vizuri, huyo hapa. Kamchukua, kamtia kifuani ndani ya sweta, kaondoka. Huyo wa leo ni wa tatu."

"Wa tatu?"

"Wa tatu tangu nimjue. Anasema wa kwanza kabisa, aliyekuwa wa mwanawe, alimzika mwenyewe uani."

Mama Mkubwa alikibana kikapu kifuani.

"Ni mtu gani huyo?"

"Mama mmoja mpole, hupita hapa akitoka kusali. Siku ile ya kwanza alinichekesha. Nikamwuliza, mama, kishungi sawa, unakishika. Hilo shavu jeupe unalihangaikia la nini, nawe huoni?"

Aliinama kufunga mlango wa tundu.

"Akaniambia, 'Dada yangu anaona.'"