Nani Bado Ameshika Faili?

Kidole cha Esinam kilikuwa juu ya kitufe, hakijabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mmoja alioandika kwenye jaribio la kupima programu yao: kwenye Windows, jaribio hili lirukwe.

"Bonyeza basi, dada," mwenzake alimhimiza huku akitafuna waakye, wali wa maharage, kwenye jani. "Kwenye kompyuta zetu za Linux limepita. Windows ina visirani, Accra nzima inajua."

Hakukosea sana. Jaribio lilifungua faili, kisha likalifuta kabla ya kulifunga. Linux hukubali. Windows hugoma, ikidai faili bado limeshikwa. Ila zahanati zote zilizopokea programu yao asubuhi ile, ya kutunza rekodi za wagonjwa, zilitumia Windows.

Esinam akaufuta mstari wake. Akarekebisha jaribio lifunge faili kwanza, ndipo lifute. Akaliendesha upya.

Windows ikagoma tena.

"Si nilikwambia? Visirani!"

"Jaribio limeshaliachia faili. Sasa nani bado amelishika?"

Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akaiuliza kompyuta swali hilohilo. Jibu likaja: jina la programu yao wenyewe. Ilikuwa ikifungua faili, inaandika nusu, nusu inabaki nayo kwenye kumbukumbu ya muda, na haifungi kamwe. Mashine ikizimwa, nusu ile inapotea. Linux, kwa kukubali kufuta faili lililoshikwa, ilikuwa ikiwafichia kosa hilo.

Mwenzake aliacha kutafuna. Saa ya ukutani ilionyesha zahanati zinakaribia kufunga.

"Shika simu," Esinam alisema. "Anza na zahanati za mbali. Mtu asizime kompyuta hadi tuokoe rekodi."