Papai la Kiapo

"Imba," daktari alimwambia yule mwanamke. "Wimbo wowote, hata wa kubembelezea mtoto."

Kahonzi alimtazama kwa jicho moja, la pili likiwa limefumba kwa nguvu. Mdomo wake ulikuwa umekwenda kombo, umevutika hadi shavuni, na taya limekaza hata kila neno likawa linatoka limepondeka. Alikuwa amejifunika uso kwa leso mpya nyekundu, zawadi aliyoletewa na mumewe kutoka Watamu. Akajikaza, akaanza kumwimbia mwanawe Masha, aliyemwacha nyumbani Kakoneni. Na lo! Maneno yakatoka mazima. Leso ikamteleza begani, na Garama, mumewe, akauona tena uso aliouoa. Wimbo ulipokwisha, mdomo ukarudi kombo.

Daktari Mwaura hakushangaa. Alisema hiki si kiharusi, mishipa haina kasoro, na mama huyu hajifanyi. Kuna jambo limembana na mwili umelishika kwa namna yake. Akauliza hali hii ilianzaje.

Garama aliinamisha kichwa. Haya zilimjaa asijue aanzie wapi. Utamweleza vipi daktari wa kutoka bara habari za papai?

Kisa chenyewe kilianza na kigango cha babu yao akina Garama, ule mti uliochongwa mfano wa mtu, uliosimamishwa pale nyumbani kwa heshima ya marehemu tangu Garama hajazaliwa. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta shimo tupu. Miaka ile vigango vilikuwa vikipotea huku na huko, na kila mtu alijua vinakokwenda: kwa wazungu, wakapambie majumba yao. Sasa katika ukoo ule nani alikuwa na wazungu? Ni Garama, bwana, aliyekuwa akitandika vitanda hotelini Watamu. Macho yote yakamgeukia yeye.

Kaka yake mkubwa, Mwambire, hakutaka maneno mengi. Akamwita mganga, na watu wazima wote wa nyumba ile wakalishwa kiapo. Kila mmoja alipewa kipande cha papai lililosomewa, akatamka mbele ya wazee: kama nimeiba, au namjua mwizi nikamficha, papai hili linishike mdomo. Garama ndiye aliyetangulizwa. Akatafuna, akameza, akapangusa midomo kwa kiganja. Wakamkodolea macho, wakangoja, wapi! Hata kukohoa hakukohoa.

Aliyeshikwa ni Kahonzi. Alikula wa mwisho, na kabla jua halijatua mdomo wake ulikuwa umeshapinda. Mwambire akamwomba nduguye radhi mbele ya watu wote kwa kumshuku bure.

Tangu siku hiyo watu hawakuwa na simile. Wanawake wenziwe walimpisha kisimani kama mwenye ndui. Watoto walijivuta midomo kwa vidole wakimwigiza, wakaangua vicheko. Naye Garama kila alikopita alipewa pole. Maskini ya Mungu, kumbe amefuga mwizi ndani! Alizipokea pole zile akitazama chini, na kila moja ilimzidishia haya, hata akaona heri wangemtukana.

Dawa ya papai ilikuwa moja tu, kuungama. Mtu akikiri, mganga humtoa kiapo na mdomo hurudi mahali pake. Kahonzi alibembelezwa, akatikisa kichwa. Akatishwa, akatikisa kichwa vilevile. Ndipo Mwambire akakata shauri: Jumapili wazee wangemrudisha kwa baba yake na aibu yake, mahari idaiwe, na Masha abaki kwa ukoo wa baba. Kahonzi alipoambiwa habari ya mtoto alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Basi Garama alimleta Malindi akiomba moyoni uwe ugonjwa tu, ugonjwa kama homa, usio na mwizi wala papai, wazee waambiwe hivyo na yeye apate kupumua. Lakini daktari alipokwisha kusikia kisa, alisema hana kidonge cha kumpa. Atamfundisha mazoezi ya mdomo, arudi kila wiki. La muhimu zaidi, alisema, ni mama huyu apate mtu wa kumwambia lile lililomkaa kooni.

Wakatoka, wakaketi kwenye benchi la barazani. Wagonjwa waliopita walimtazama Kahonzi, kisha wakajitia kutazama kwingine. Akajivuta leso hadi puani. Garama alimsogelea, akamshika mkono. Hakuwa na uso wa kumtazama, akawa anasema na vidole vyake.

"Mama Masha, kiri tu. Sema ni wewe. Wazee watakutoza mbuzi, watanung'unika, kisha yataisha, na mtoto hatamkosa mamake. Nakuomba."

Kahonzi alimgeukia. Kisha lile jicho la pili, lililokuwa limefumba tangu siku ya kiapo, likafumbuka polepole. Akauondoa mkono wake. Akaivua ile leso nyekundu, akaikunja vizuri kama inavyokunjwa dukani, akamwekea mumewe mapajani.

"Mimi sikuiba, baba Masha," alisema, na kila neno lilitoka zima. "Papai limenishika kwa kuapa kwamba sikukuona ukiking'oa kile kigango."