Ndege ya Miguu

Ndege ilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ikalalia bawa moja, injini ikazima. Kwenye kioo cha kompyuta vumbi likatimka, halafu yakatokea maandishi mekundu ya kumwambia aanze upya.

"Lo! Hata mbuzi angefika," Dereva akasema, akajipiga paja. Paja halikusikia kitu.

Alikuwa ameendesha malori nusu ya umri wake, mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya shehena akavunjika uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini akawa gogo. Daktari alisema mishipa huweza kuamka, mara chache sana, kisha akageuka kutazama dirishani. Dereva si mtoto. Alielewa.

Mchezo wenyewe uliletwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kompyuta na bingwa wa mizaha. Alifunga pedeli mbili chini ya meza, akatandaza waya chini ya zulia hadi ukuta wa nyuma. Ni wa spika, alisema, ingawa spika hazikuja kamwe.

"Hii ni ndege ya kivita ya zamani, shemeji," alimweleza. "Ina gurudumu dogo mkiani, basi pua inatazama mbinguni na wewe mbele huoni kitu. Lazima uitembeze ikiyumba kama mlevi, kushoto, kulia, ili uchungulie pembeni. Na ikiwa chini, usukani wake ni miguu. Mikono hairuhusiwi! Macho yawe nje, ukitazama miguu umekwisha. Ukiifikisha mwisho wa njia, ujue miguu imeamka. Kupaa tutapaa siku nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Dereva akalishika neno hilo la mwisho wa njia, kisha akaongeza lake. Shemeji alipoondoka tu, alimwita mkewe.

"Ndege hii ikifika mwisho wa njia, tutaendelea kuishi. Mvua zikianza kabla haijafika, nakupa talaka yako urudi kwa kaka yako. Wewe bado kijana. Sikukuoa uje kugeuza mtu kitandani kama gunia."

Alikuwa anamaanisha, na mkewe alijua. Huyu mtu hakuwahi kurudi nyuma kwa neno lake, hata pale lilipomuumiza yeye mwenyewe.

"Mimi sikuolewa na miguu," mkewe akajibu, akarudi kwenye kazi yake.

Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye ukuta wa nyuma, naye akipeana mgongo na mumewe, na siku nzima ilikuwa ikirindima juu ya pindo za sketi za shule. Ila Dereva akiwasha injini ya ndege, cherehani inanyamaza.

"Sema kwa sauti unakotaka kwenda," mkewe alimwambia. "Kushoto, kulia, nyoosha, yote uyaseme. Nipate kukuombea."

Basi kila alasiri mkewe alimwinua miguu, akaifunga kwenye pedeli kwa vitambaa, akarudi kitini kwake. Mwanzoni ilikuwa balaa. Dereva anasema kushoto, ndege inakwenda kulia. Anasema nyoosha, inazunguka kama pia. Alitukana ndege, akamtukana aliyeiunda, akamtukana na shemeji. Kisha, alasiri moja, akasema kushoto, na pua ile nzito ikasogea kushoto.

"Umeona?" akapiga kelele. "Mke wangu, umeona?"

"Nimeona," mkewe akasema, akiwa amempa mgongo.

Tangu siku hiyo ndege ikaanza kumtii. Ilichelewa kidogo, tena kila mara. "Mishipa ndiyo inaamka," alimwambia shemeji kwa simu. "Inajivuta kama karani wa baraza!" Shemeji, mtu wa mizaha, siku hiyo hakupata hata mmoja.

Siku mkewe alipokwenda msibani, Dereva alimwomba jirani amfunge miguu, akajaribu peke yake. Ndege haikufika popote. Ilizunguka palepale ikavunja bawa.

"Ni dua zako," alimwambia mkewe aliporudi. "Bila dua zako mimi si kitu."

Mkewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Alasiri moja chumba kikawa giza mpaka taa ikawashwa. Mkewe alimfunga vitambaa kwa haraka, akaenda kukaa. Cherehani ikanyamaza.

"Kushoto," Dereva akasema. "Nyoosha. Kulia kidogo. Nyoosha."

Ndege iliyumba vizuri kama mlevi anayeijua njia ya kwao. Ikapita mabanda, ikapita matangi ya mafuta, mahali ambapo haikuwahi kufika. Akachungulia pembeni mwa pua, akaiona mistari myeupe ya mwisho wa njia. Machozi yakamtoka bila haya. Imebaki kidogo tu.

"Kushoto!" akasema, na kwa furaha akasahau sharti la shemeji, akainama kuitazama miguu yake.

Vitambaa vilikuwa vimefunguka. Miguu yote miwili ilikuwa imelala juu ya zulia, kandambili moja imechomoka. Pedeli zilikuwa zimetulia tuli.

Akainua macho. Kwenye kioo, pua ya ndege ilikuwa ikigeuka kushoto, kama alivyosema, na nyuma yake, chini ya cherehani iliyonyamaza, pedeli ikalia.

Dereva akafumba mdomo. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Ndege ikazidi kwenda kushoto, kushoto, ikielekea kwenye nyasi.

"Dereva?" mkewe akaita kutoka nyuma. "Mbona umenyamaza? Sema basi. Kushoto au kulia?"