Taa ya Njano Sebuleni

Siku hizi hatupigi kura. Kila sebule ina taa inayosoma mioyo ya waliomo, na mgombea mwenye taa nyingi za kijani ndiye rais. Mtaa wetu ni ngome ya Mheshimiwa Kilindo tangu sijazaliwa.

Jumatatu taa yetu iligeuka njano. Afisa alifika kabla sijamaliza kuosha vyombo.

"Nani humu ameanza kusitasita?"

Nilijua ni mimi, lakini nikaendelea kusugua sahani.

"Ni mimi," akasema mama, kiongozi wa kwaya ya kampeni za Kilindo.

"Mama Tusekile, unajua nyumba ya njano hukatiwa maji."

"Kata, mwanangu. Nimemwimbia miaka ishirini. Koo langu lilikauka kabla ya bomba."

Nikaweka sahani chini. "Na mimi pia," nikasema.

Afisa akafunga maji, akaondoka. Mama akachukua ndoo kwenda kuomba kwa jirani. Alirudi nayo tupu, akitabasamu.

"Kwake yamekatwa tangu juzi. Alikuwa anaficha."

Redioni walikuwa wakitangaza kwamba mtaa wetu bado ni ngome imara. Mama akasikiliza kidogo, kisha akabeba ndoo kwenda nyumba ya pili.