Haina Neno

Fundi umeme alikuwa anakimbia barabarani, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala ya mteja. Mkoba wa vifaa kauacha huko huko. Waliomwona walicheka. Haya, chekeni, yeye machozi yalikuwa yanamlenga.

Yote yalianza pale mteja aliposema, "Hita yangu hii, ukigusa maji inatekenya." Fundi akaipima. Ilikuwa imepasuka shingoni, umeme unavujia majini. "Dada, hii inaua!" akafoka. Kisha akatoka mbio.

Maana asubuhi mkewe alimwambia maneno hayo hayo. Hita yao, ile ya kuchovya kwenye ndoo ya maji ya kuoga, nayo ilikuwa na ufa, na yeye aliizungushia tepu nyeusi tu, haraka haraka. Ya wateja hutengenezwa. Ya nyumbani hufungwa tepu. "Inanitekenya vidole," mke alilalamika. Yeye, mswaki mdomoni, akajibu, "Haina neno. Wewe hata upepo unakutekenya." Wakacheka wote wawili.

Na saa hizi ndizo mkewe huoga.

Akampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, wapi! Akampigia mama yake, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwao, awahi akagonge mlango. Nayo iliita, iliita, ikakata. "Na wewe mama! Simu ya nini sasa, pambo?" Akazidi kukimbia. Ee Mungu, nichukue mimi. Nichukue mimi, yeye mwache.

Alipoingia ndani alivamia swichi kuu, akaizima. Feni ikasimama. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Aliita. Hakuna jibu, maji tu yanachuruzika. Akaupiga mlango bega, akaupiga tena, komeo likang'oka.

Mkewe alikuwa amesimama pale, povu kichwani, kopo mkononi, macho yamemtoka.

"Baba watoto! Umeingiwa na wazimu? Maji yamenijaa masikioni, mara naona mlango unaanguka!"

Alimkumbatia na povu lake, akalia kama mtoto, bila haya. Alikuwa hai. Mke wake alikuwa hai! Alipotulia akachovya mkono kwenye ndoo. Maji yalikuwa baridi.

"Hita iko wapi?"

"Ah, ile mimi imenishinda, naiogopa. Nimempelekea mama yako, si kila siku analalamika maji baridi yanamuumiza miguu? Nikamwambia, 'Inatekenya kidogo, lakini mwanao kasema haina neno.'" Alijifuta povu usoni, akatabasamu. "Kafurahi huyo! Nimemwacha anaingia kuoga."