Upepo wa Jumanne

Mabruka alivitumbukiza viatu vya mwanawe ndani ya pipa la unga wa ngano, akavifukia, akafunga kifuniko, kisha akakikalia.

"Mama," Wajdi alisema akiwa mlangoni, miguu mitupu, "kwani watu wanachoma bahari kwa viatu?"

"Kacheke na wenzako. Hutoki."

Mji mzima wa Zarzis, hapa pwani ya Tunisia, unajua kuchoma ni nini. Kijana anapanda boti la mpira usiku, bila karatasi, kuelekea Lampedusa, kisiwa cha Italia, na mama yake anabaki ameshika simu. Mama wa nyumba ya pili ameshika yake mwaka wa pili sasa. Bado haijalia.

Wajdi alikuwa mtu wa maneno tangu zamani, na maneno yake hayakumnyima mama usingizi. Kilichomnyima ni kishikwambi cha shule cha Ranim, binti yake wa darasa la sita. Mabruka alikuwa anakipangusa makombo ya mkate alipoyaona maswali. Usiku upi wiki hii hauna mwezi? Injini ndogo inakula petroli kiasi gani mpaka Lampedusa? Upepo utatulia siku gani?

"Nani kakuandikia haya?"

"Ni ya darasa, Mama. Mwalimu siku hizi hatupi majibu. Anatupa swali, tunatafuta wenyewe mtandaoni. Kundi letu ni la upepo."

"Na kaka yako anakusaidia?"

Ranim alisita. "Kidogo. Kusoma ramani tu."

Ndipo viatu vikaingia kwenye unga.

Jumatatu Mabruka alikwenda shuleni, kitambaa cha kichwa hata hakukifunga vizuri. Mwalimu Hishem alikuwa peke yake darasani, anafuta ubao. Alikuwa kijana wa Kasserine, huko bara, na kila Septemba aliahidiwa ajira ya kudumu, kila Septemba akapewa mkataba mwingine wa muda. Nje jua liliwaka, lakini nyuma ya kiti chake lilining'inia koti la mvua, jipya.

"Mwalimu, unawafundisha watoto wetu njia ya kaburini."

Hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Mama Wajdi, nikiwaambia upepo ni hewa inayotembea, watasahau kabla ya kengele. Wakiutafuta wenyewe, hawasahau. Tena mimi ni mtu wa milimani, hata kuogelea sijui. Hawa wamezaliwa na bahari. Kwa jambo hili wao ndio walimu wangu."

"Na huyu mkubwa, anayechungulia begani kwa dada yake?"

"Wajdi alikuja kwangu," mwalimu alisema taratibu. "Nimemwambia hapana. Mwanao haendi popote, hilo nakuhakikishia."

Ubao wote ulikuwa umefutika, limebaki neno moja: Jumanne, ndani ya duara la chaki nyekundu.

"Jibu la kundi la Ranim," alisema, akatabasamu. "Bahari itatulia kama mafuta kwenye sahani. Nimewapa alama zote."

Mabruka alirudi nyumbani mbio mbio. Jumanne ilikuwa kesho.

Jioni ya Jumanne alilitandika godoro mlangoni, akakaa juu yake.

"Na chooni nitapelekwa na askari?" Wajdi aliuliza.

"Nitakupeleka mimi."

Mara Ranim akaruka kutoka alipokuwa amejikunyata na kishikwambi chake.

"Mama, nimekosea. Nilisoma ukurasa wa Jumanne iliyopita. Ya leo siyo hivi, ya leo ni mbaya."

"Utasahihisha kesho."

"Mstari mmoja tu, Mama. Namtumia mwalimu, basi."

"Leo hakuna mtu wa nyumba hii atakayetazama bahari, iwe ya maji iwe ya kwenye kioo."

Alikinyakua kishikwambi, kikafuata viatu kwenye unga. Ranim alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Usiku wa manane madirisha yalianza kugonga. Upepo ulipiga mizeituni, ukaingiza mchanga mpaka chini ya mlango. Kwenye godoro lake Mabruka alivuta shuka, na kwa mara ya kwanza wiki ile moyo wake ukatulia. Kwa upepo kama huu, nani wa kuchoma?

Asubuhi Wajdi alikuwa anakoroma. Mabruka alisimama kumtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akakaanga mayai, akamimina mafuta ya zeituni bila kubana mkono, akafukua viatu na kuvikung'uta uani huku anacheka peke yake. Ranim akarudishiwa kishikwambi.

"Haya, kasahihishe mstari wako."

Mtoto aliandika amesimama palepale kizingitini, kisha akakimbia shule.

Chai haijapoa, akarudi.

"Mbona mapema hivi?"

"Hakuna masomo." Ranim alikuwa anahema. "Mwalimu hayupo. Tumekwenda hadi chumbani kwake, hayupo. Lile koti nalo halipo. Ubaoni ameandika, Asanteni, watoto wangu."

Wajdi aliuweka mkate chini. Hakumtazama mama yake.

Ranim alikuwa amekishika kishikwambi kwa mikono miwili, unga bado umeganda pembeni mwa kioo.

"Ule mstari wa upepo nimemtumia, Mama," alisema. "Hajaufungua."